Kabla ya kalkulasi, tupa na penseli

Mpwa wangu amepangiwa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kusoma uhandisi wa mitambo. Matokeo yake ya kidato cha sita ni mazuri, familia imefurahi, na bibi yake ameshaanza kumwita "injinia" mbele ya wageni. Alipotoka Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) alikuja nyumbani kuniuliza anunue vitabu gani. Nikamwambia vitabu vitangoja, kwanza aniambie kama amewahi kushika tupa.

"Tupa ipi, mjomba?"

Kijana huyu anaweza kukokotoa mwendo wa kitu kilichorushwa hewani huku anakula. Tupa, kifaa ambacho kila fundi wa baiskeli anacho kwenye boksi lake, hajawahi kuigusa. Simlaumu. Hakuna aliyemwambia kwamba ataihitaji.

Mlangoni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huangalia Hisabati na Fizikia. Ukitoka kidato cha sita, masomo hayo mawili ndiyo yanayokupitisha, na ndiyo maana madarasa ya uhandisi yamejaa vijana wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), na wa PGM (Fizikia, Jiografia na Hisabati) kiasi. Kuna pia mlango wa pili, wa wenye stashahada kutoka vyuo kama Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam au Chuo cha Ufundi Arusha. Makundi haya mawili hukutana mwezi wa kumi au wa kumi na moja katika ukumbi mmoja, yakapewa ratiba moja: hisabati mihula yote miwili, mekanika, sayansi ya nyenzo, misingi ya umeme, kompyuta, stadi za mawasiliano, na lile somo la maendeleo ambalo kila mwanafunzi wa chuo hicho, hata wa sheria, hulijua kwa jina la DS. Kazi za muhula zina alama 40, mtihani wa mwisho 60. Ukipata chini ya 40 kwenye jumla, unarudi kwa sapu, yaani mtihani wa marudio, wakati wenzako wameshaenda makwao.

Katikati ya ratiba hiyo kuna vitu viwili ambavyo kijana wa PCM huvipita kwa haraka anapoisoma: mchoro wa kihandisi na karakana. Havimtishi, kwa sababu havina fomula. Kwa niliyoyaona, hapo ndipo mwaka wa kwanza humkamata.

Mimi ulinikamata. Nilisoma shule isiyokuwa na ubao hata mmoja wa kuchorea. Kuchora kwa vipimo lilikuwa somo la wenzetu wa shule za ufundi, Ifunda, Moshi au Tanga. Wiki ya tatu chuoni tulipewa picha ya kipande cha chuma chenye ngazi na tundu, tukaambiwa tuchore kinavyoonekana kwa mbele, kwa juu na kwa ubavuni. Nilikaa na rula ya T, seti skwea na penseli ya 2H kuanzia saa mbili usiku hadi saa saba. Karatasi ilirudi imejaa wino mwekundu. Nilikuwa nimechora tundu mahali ambapo mtu aliyesimama upande ule asingeweza kuliona hata angepewa darubini.

Aliyeniokoa ni mwenzangu wa chumbani. Alikuwa ametokea chuo cha ufundi, ameshafanya kazi kiwandani miaka mitatu, na sote tulimwita Braza. Aliitazama karatasi yangu, hakusema kitu. Akachukua mche wa sabuni ya kufulia, akakata kipande kwa wembe, kisha akakimega kona moja mpaka kikawa na ngazi. Akakiweka mezani mbele yangu.

"Dogo, unaona nini?"

"Sabuni."

"Inama mpaka jicho liwe sawa na meza. Funga jingine. Sasa?"

Niliona herufi L, bapa kabisa, kama imekatwa kwenye karatasi.

"Ichore."

Nikaichora. Akanisimamisha niitazame sabuni kutoka juu: mstatili, na mstari mmoja unaoukata pale ngazi inapoanzia. Nikauchora chini ya ile L, kona kwa kona. Kisha akaigeuza sabuni, mgongo wake ukanielekea. Nikamwambia naona mstatili mtupu.

"Na ngazi imekwenda wapi?"

"Ipo kwa nyuma."

"Basi ipo. Ila umezuiliwa kuiona. Ichore kwa mstari wa kukatika-katika."

Robo saa ya sabuni ilinifundisha kilichonishinda wiki tatu. Tangu siku hiyo nikiona mstari wa kukatika-katika kwenye mchoro wowote, hata wa jengo la ghorofa kumi, nasikia harufu ya sabuni ya mche. Nami nililipa deni. Braza alikuwa na mikono ya dhahabu lakini kalkulasi ilikuwa inamtesa, kwa kuwa chuo cha ufundi kilimpa hesabu za kazi zaidi kuliko hesabu za kuthibitisha. Usiku wa Jumanne na Alhamisi tulibadilishana, yeye mchoro, mimi intigresheni. Nimeona urafiki wa namna hiyo ukizaliwa katika madarasa mengi ya mwaka wa kwanza tangu wakati huo, na sijui mpango wa masomo ungeweza kuandika kitu bora kuliko huo.

Ujuzi huu wa kukiweka kitu chenye urefu, upana na kimo juu ya karatasi bapa bila kupoteza kipimo hata kimoja una mwenyewe. Ni Mfaransa Gaspard Monge, mtoto wa mchuuzi wa mji wa Beaune, aliyezaliwa 1746. Akiwa kijana katika shule ya kijeshi ya Mézières alipewa kazi ya kupanga ngome ili mizinga ya adui isiwaone walinzi. Kazi hiyo ilizoeleka kuchukua hesabu ndefu. Yeye aliimaliza mapema mno kwa kuchora, hata ofisa wake akakataa kwanza kuiangalia, akiamini haiwezekani mtu awe amekokotoa haraka hivyo. Walipohakikisha ni sahihi, jeshi liliifanya njia hiyo kuwa siri yake. Ilifundishwa hadharani Paris mwaka 1795, baada ya Mapinduzi. Kitu ambacho jeshi la Ufaransa lilikifungia kabatini leo kimo kwenye ratiba ya Jumatatu asubuhi, na kijana anakiona ni somo la kupumzikia.

Hapa kwetu nako palikuwa na safari. Wakati wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kati ya 1963 na 1970, Dar es Salaam ilikuwa na sheria, Makerere ilikuwa na udaktari, na Mtanzania aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi. Kitivo cha Uhandisi kilifunguliwa Mlimani mwaka 1973 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. Baadaye kikawa Chuo cha Uhandisi na Teknolojia. Huko kuna desturi ya kumpeleka mwanafunzi kazini: wiki nane za mafunzo kwa vitendo mwishoni mwa mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu. Wanafunzi huziita PT.

Lakini kabla ya PT kuna karakana ya hapohapo chuoni.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Vua saa. Kunja mikono ya shati."

Unapewa kipande cha chuma laini kilichokatwa kwa msumeno na mchoro wake. Unakibana kwenye jiriwa, unashika tupa, mkono mmoja kwenye mpini na mwingine kwenye ncha. Tupa hukata inapokwenda mbele tu. Ukiikandamiza inaporudi, unayasaga meno yake bure. Unapaka chaki kwenye meno ili unga wa chuma usiyazibe. Unapiga tupa mpaka bega liwake moto, kisha unaweka guni juu ya uso wa chuma na kuvielekeza kwenye dirisha. Mwanga ukipenya chini ya guni, hujanyoosha.

Mwanga hupenya. Kwa mwanafunzi mpya hupenya kwenye kingo zote mbili, kwa sababu katikati pameinuka kama mgongo wa kobe. Fundi wetu hakuhitaji hata guni. Alipitisha kidole gumba mara moja, akasema, "Mikono yako inabembea." Nikaanza upya.

Siku ile ndipo nilipoelewa kwamba 50 ya kwenye daftari na 50 ya kwenye chuma si namba moja. Daftarini 50 ni 50. Kwenye chuma, milimita 50 ni mahali fulani kati ya 49.9 na 50.1, na mhandisi lazima aamue kabla ya kuanza ni kosa la kiasi gani linavumilika, na aliandike kwenye mchoro ili fundi ambaye hatakutana naye kamwe alijue. Daraja na injini vyote vinasimama juu ya uamuzi wa aina hiyo.

Ninachokihofia ni kwamba saa za karakana ni ghali. Zinataka mashine, fundi na kikundi kidogo, wakati ukumbi wa hisabati unabeba mamia kwa kipaza sauti kimoja. Ni rahisi sana kuzipunguza, au kusema kompyuta itafidia. Nimeona mwanafunzi akichora kwa AutoCAD, programu ya kuchorea kwenye kompyuta, kipande kizuri cha kung'aa chenye tundu ambalo hakuna keekee duniani ingeweza kulifikia. Programu haikumzuia. Fundi angemzuia kwa sentensi moja.

Mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi, ulioanza sekondari mwaka 2024 unanipa matumaini, lakini wasiwasi wangu ni kuona wa amali wakienda njia yao na wa PCM wakiendelea kutokea mlango uleule wakiwa na mikono mitupu. Mchoro wa kiufundi ungefaa ufundishwe kwa kila anayesoma Fizikia. Karatasi, penseli na rula hazifilisi shule. Mche wa sabuni kila nyumba inao.

Mpwa wangu nimempeleka eneo la Gerezani hapa Dar es Salaam, kwa fundi wa kuchomelea mageti ninayefahamiana naye, akae hapo mpaka chuo kifunguliwe. Juzi usiku alinipigia. Wiki nzima ameshikilia futi kamba tu na kufagia vyuma. Alikuwa amechoka, na nilitegemea malalamiko.

"Mjomba, kwani mlango wa geti ukichomelewa unajikunja kwa nini? Leo tumeupima ulikuwa sawa, tumechomelea, tukaupima tena umepishana kona kwa kona milimita nne."

Nikamuuliza fundi alisemaje.

"Amesema kesho niende na daftari."