Chumvi ya Jikoni Haizai Bahari

Hapana. Ukiyeyusha chumvi ya Uvinza katika maji ya bomba la Gitega hupati bahari. Unapata maji ya chumvi, basi. Naanza na jibu kwa sababu swali lenyewe halichoki, na wengi wanaoniuliza wamekwisha kununua tangi la kioo la kufugia matumbawe.

Hoja yao ni ileile: kilo moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, chumvi ipo sokoni Muyinga kwa bei ya chini, kwa hiyo kipimo kikionyesha 1.025 kazi imekwisha. Lakini kipimo hicho hupima uzito wa maji tu, hakijui kilichoyeyushwa ndani. Tia sukari ya kutosha, nayo itakupa 1.025 safi kabisa.

Chumvi ya jikoni karibu yote ni kloridi ya sodiamu. Tangi la lita 200 lenye maji halisi ya bahari limebeba pia karibu gramu 260 za magnesiamu, na gramu 80 na ushei za kalsiamu, na potasiamu kiasi hichohicho. Tumbawe hujenga mwili wake wa chokaa kwa kalsiamu hiyo, ukimnyima, hajengi. Samaki naye hasalimiki. Mwanzoni mwa karne ya 20, mwanabiolojia Jacques Loeb alionyesha huko Marekani kwamba mayai ya samaki aitwaye Fundulus hukua katika maji ya bahari, na hata katika maji matupu yasiyo na chumvi yoyote, ila hufa katika kloridi ya sodiamu peke yake yenye ukali wa bahari. Alipoongeza kalsiamu kidogo, yalipona. Jambo hili lina zaidi ya miaka 100, na bado naletewa mfuko wa chumvi niukague!

Wengine hudhani wamenishinda: "Basi nitatumia chumvi ya bahari yenyewe, ya Bagamoyo." Hapo subira huniishia. Maji ya bahari yakikauka juani, chokaa hutuama kwanza, kisha jasi, na kloridi ya sodiamu hufuata yanapobaki kama sehemu moja ya kumi. Maji machungu yanayosalia, yenye magnesiamu na potasiamu, mwenye shamba la chumvi huyamwaga, kwa sababu hakuna anayetaka mchuzi mchungu. Kwa hiyo unachonunua ni bahari iliyokwisha kuondolewa kile tumbawe anachohitaji.

Ukishikilia matumbawe, fanya hivi. Agiza chumvi iliyotengenezwa kwa matangi ya matumbawe, ukoroge na maji yaliyochujwa kwa osmosisi ya kinyume. Ya mvua kutoka paa la bati usitumie, huja na zinki. Tangi lisipungue lita 150. Weka mawe, subiri wiki kadhaa hadi amonia na nitriti zisomeke sifuri, kisha samaki wadogo wawili, kisha matumbawe laini. Magumu baadaye sana. Maji yakipungua kwa mvuke, ongeza maji baridi, si ya chumvi. Usiku wa Gitega una baridi, na tangi linataka nyuzi 25, kwa hiyo hita ni lazima. Tena mji uko mita 1,500 hivi juu ya bahari, ambako maji hushika oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 16 kuliko pwani. Umeme ukikatika, pampu ya hewa ya betri ndiyo inayookoa samaki. Dawa yoyote yenye shaba, iache dukani.

Au achana na bahari, teremka Bujumbura ukachukue samaki wa ziwani. Pierre Brichard, Mbelgiji, aliishi kwa kuwapeleka nje samaki wa Ziwa Tanganyika, na mmoja wao, Neolamprologus brichardi, ana jina lake. Huko Ulaya wapenzi wa samaki humwita binti mfalme wa Burundi na kumfuga miaka kwa miaka. Anataka maji magumu, mawe na joto. Chumvi hataki, ya jikoni wala ya bahari. Kwa anayeanza Gitega au Muyinga, ushauri wangu ni huyu.

Na ukikuta tumbawe gumu likiuzwa Dar es Salaam, jua kwamba matumbawe magumu yote yako chini ya CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Usilivushe mpaka wa Kobero bila kibali.