Habari za Msiba Zikifika Shuleni



Alfajiri ya Aprili 2, 2015, siku ya Alhamisi Kuu, watu wenye bunduki waliingia Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Leo sitasema juu ya wauaji. Nataka kusema juu ya mtoto wa shule nyingine, iliyo mbali, ambaye habari kama hiyo yamfikia akiwa bwenini. Hakumjua marehemu hata mmoja. Lakini usiku halali, tumbo lamuuma, na mlango ukigongwa ashtuka. Huyo si mwoga wala mvivu. Amesikia kwamba kifo chaweza kuingia shuleni, na yeye yumo shuleni.

Walimu wengine hutangaza paredini, "Mambo hayo yasizungumzwe hapa." Nia yao ni njema. Lakini watoto watazungumza tu, gizani, na atakayesikilizwa ni yule mwenye hadithi ya kutisha kupita zote. Afadhali mwalimu aseme kweli mwenyewe, kwa maneno machache, na aeleze jinsi shule yao inavyolindwa. Picha za maiti zinazopitishwa katika simu, watoto wasionyeshwe kamwe.

Kisha anyamaze, asikilize. Rafiki zake Ayubu waliketi naye chini siku saba, usiku na mchana, bila kusema neno. Waliharibu mambo walipoanza kuhubiri. (Sisi wachungaji na tuisome sura hiyo mara mbili.) Mtoto mdogo akiuliza swali lile lile mara kumi, ajibiwe mara kumi. Msimwambie kwamba Mungu amewachukua kwa kuwa aliwapenda mno, maana ataogopa kupendwa na Mungu. Asiyetaka kuzungumza asilazimishwe. Kengele ilie kwa saa yake, uji uwe tayari, mpira uchezwe. Mambo ya kila siku humtuliza mtoto kuliko hotuba. Wengi hupata nafuu katika majuma machache. Mwezi ukipita naye bado halali wala hataki chakula, apelekwe kwa mshauri au hospitalini. Mwalimu naye ana moyo, aulizwe hali.

Tena yuko mmoja ambaye twamsahau. Kule Garissa wauaji waliwatenga Wakristo na Waislamu. Baada ya jambo kama hilo mwanafunzi Mwislamu au Msomali huanza kutazamwa vibaya mezani, ingawa amejaa hofu ile ile ya wenzake. Siku hiyo ya kwanza mwalimu aketi karibu naye wakati wa chakula, wote waone. Desemba ya mwaka ule ule basi lililokuwa likienda Mandera lilishambuliwa karibu na El Wak, na abiria Waislamu wakakataa kutengwa na Wakristo. Mmoja wao, Mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi, akafa Januari 2016. Watoto waambiwe habari hiyo pia.