Maziwa ya Mama, Bakteria Rafiki na Afya ya Utumbo wa Mtoto Mchanga

Makala haya yanafafanua uhusiano uliopo baina ya maziwa ya mama na bakteria rafiki waishio katika utumbo wa mtoto mchanga. Maziwa ya mama yana sukari changamano ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Walaji wa sukari hizo ni bifidobakteria, ambao huzalisha asidi inayozuia vimelea vya maradhi kustawi. Jaribio la Odisha, India, lililochapishwa mwaka 2017, liliwahusu watoto wanaonyonya zaidi ya 4,500. Waliopewa bakteria aina ya Lactobacillus plantarum, pamoja na sukari ya kuwalisha bakteria hao, walipatwa na sepsisi au kufariki kwa asilimia 5.4, ikilinganishwa na asilimia 9 ya wasiopewa. Hata hivyo, watoto hao hawakuwa njiti wadogo. Kwa njiti, ambao kinga yao ni dhaifu, bakteria hao hao wanaweza kuingia katika damu na kuua. Mwaka 2023 Marekani ilitoa tahadhari kuhusu hatari hiyo. Kwa hiyo, makala yanahitimisha kwamba bakteria wa kuongezewa si mbadala wa kunyonyesha, na wasitolewe kwa njiti bila uangalizi wa daktari.