Nyumba Iliyopimwa na Mkoko

Haya, wajukuu, sogeeni. Ninyi mmezaliwa hapa Chawia, mlimani, ambako ukungu ukishuka kutoka msituni humwoni hata mbuzi uliyemfunga mwenyewe. Leo nawapeleka mahali pasipo na mlima hata mmoja. Tutateremka Mwatate, tufike Voi, tupande treni hadi Mombasa, kisha basi la kupitia Malindi na Garsen mpaka Mokowe. Hapo barabara huishia majini. Mtapanda boti, na ng'ambo ndiko Lamu, mji ambao mizigo hubebwa na punda kwa sababu gari halipiti vichochoroni.

Najua kuna mmoja wenu atakayeniuliza: kwani Taita Taveta hatuna jumba la kutazama? Lipo. Kule Taveta kuna Kasri ya Grogan, iliyojengwa kilimani miaka ya 1930 na mlowezi Ewart Grogan, yule aliyejigamba kwamba amevuka Afrika kutoka Cape hadi Cairo. Ni jumba kubwa, na Kilimanjaro huonekana. Lakini lilijengwa ili mtu mmoja aangalie mashamba yake ya mkonge. Ninayotaka kuwaonyesha ni nyumba iliyojengwa kwa akili ya mji mzima.

Iko ndani kabisa ya mji wa kale wa Lamu, ule uliotiwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Ni nyumba ya karne ya 18, na sasa inatunzwa na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Ukiitazama kwa nje utasema, ndiyo hii tuliyoifuata? Ukuta mtupu, na mlango. Tajiri wa Lamu hakuanika mali yake njiani. Aliificha ndani, na kadiri unavyozidi kuingia ndivyo mapambo yanavyozidi.

Unaanzia dakani, penye viti vya mawe vya kuketi wageni. Wengi waliishia hapo, wakazungumza biashara wakaenda zao. Mbele yake kuna ua ulio wazi kwa juu, wa kuingiza mwanga na upepo. Kisha misana miwili, yaani kumbi za kukaa, mmoja nyuma ya mwenzake, na kila unapopita unapanda kidogo. Mwisho ni ndani, chumba cha bibi wa nyumba. Nyuma yake kuna chumba kingine kidogo ambamo watoto walizaliwa na maiti walioshwa.

Sasa nawategea. Vyumba vyote hivyo ni virefu na vyembamba. Kwa nini? Msiniambie walikosa kiwanja.

Tazameni juu. Dari imebebwa na boriti za mkoko, mti uotao kwenye maji ya chumvi. Mkoko ni mgumu, lakini boriti iliyonyooka na yenye nguvu ya kubeba dari ya mawe haizidi sana mita tatu. Basi upana wa chumba ukaishia hapo boriti inapoishia. Mwenye pesa aliweza kurefusha chumba apendavyo; kukipanua, hakuweza. Fundi hakuwa na haja ya kubishana naye, mti ulikwisha kuamua.

Kuta nazo ni za matumbawe. Matumbawe hayohayo yalichomwa juu ya magogo ya mkoko yakawa chokaa, na kwa chokaa hiyo mafundi walipiga plasta nyeupe kisha wakaichonga maua na mistari. Kule ndani walijenga zidaka: safu juu ya safu za vishubaka, ukuta mzima. Humo zilipangwa sahani na bakuli za kaure kutoka China, pamoja na vitu vingine vya thamani. Zilikuwa pambo, na zilikuwa kinga pia. Watu wa Lamu waliwaeleza watafiti kwamba kaure huzuia kijicho.

Kaure ilifikaje? Kwa pepo za msimu. Kaskazi iliwaleta wafanyabiashara, kusi ikawarudisha, na waliposubiri upepo miezi kadhaa, wengine walioa. Ng'ambo ya pili ya bahari hiyohiyo mambo yalikuwa hivyohivyo. Huko Melaka, Penang na Singapore, wafanyabiashara wa Kichina walioa wenyeji, na wajukuu zao huitwa Waperanakan. Penang kuna jumba la tajiri Chung Keng Quee, la mwishoni mwa karne ya 19, ambalo leo ni makumbusho ya Waperanakan hao: mbao za kuchonga za Kichina, vigae vya Uingereza, vyuma vya Uskoti. Linang'aa kweli. Mimi, mkiniuliza, bado nachagua plasta ya Lamu, maana imetengenezwa kwa bahari iliyo mlangoni.

Kitu ninachokipenda zaidi katika nyumba ya Lamu kiko chooni, na msicheke. Kuna birika la maji ya kuogea, na ndani yake waliwekwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Chini ya birika walijengea bakuli la kaure, ili maji yakipungua samaki wabaki na pa kuishi. Hakuna aliyewafundisha dawa ya malaria, lakini mbu walimjua.

Mkitoka hapo nendeni ufukoni, kwenye Makumbusho ya Lamu, mkaione siwa ya Pate. Ni baragumu ya pembe za ndovu, ndefu kuliko mwalimu wenu, zaidi ya mita mbili. Masimulizi ya Pate yanasema bibi mmoja, Mwana Darini, alitaka siwa ya mji ipigwe katika sherehe ya jando la mwanawe. Sultani akakataa. Mwana Darini hakulia wala hakuomba mara ya pili. Alimwita fundi, akamwagiza achonge siwa mpya ya pembe, nzuri kushinda ile aliyonyimwa.

Ninyi mnaowajua ndovu wa Tsavo, wanaoshuka usiku kula mahindi ya watu huku Mwatate, mtaitazama siwa hiyo kwa macho mawili: uzuri wa kazi ya fundi, na mnyama aliyeutoa uhai. Zamani misafara ya pembe ilipita chini ya milima yetu hii ikienda pwani. Leo biashara hiyo ni marufuku, na mwaka 2016 Kenya ilichoma tani 105 za pembe mbele ya dunia nzima.

Basi, mkitaka kwenda na shule, mwambieni mwalimu awaandikie makumbusho barua mapema, maana safari ni ndefu na inataka kulala njiani. Mkifika, msiguse plasta. Jasho la mikono huila chokaa. Na msiondoke kabla ya kuomba mwonyeshwe birika.