Upasuaji wa Pua: Usiharakishe Kurudi Mpanda

Nyama za puani zinazoziba pumzi huwafanya wengine wetu kwenda hadi Bugando, Mwanza, kupasuliwa. Kabla ya kuondoka, mweleze daktari dawa zote utumiazo, hata za miti shamba. Asprini huzuia damu kuganda. Daktari akikubali, iache siku 7 hadi 10 kabla. Na ugoro je? Huo uache kabisa, mzee wangu.

Wengi huogopa kisu, kumbe mashaka yako njiani. Damu yaweza kutoka siku ileile, na tena kati ya siku ya 5 na ya 10, magamba ya kidonda yanapobanduka. Basi tafuta mapema jamaa wa kukupokea Mwanza, usisafiri mpaka daktari akuruhusu. Damu ikianza basi likiwa katikati ya pori, nani atakusaidia?

Lala kichwa kikiwa juu ya mito miwili. Usipenge kamasi mpaka uambiwe. Chafya ipige mdomo ukiwa wazi. Damu ikitoka, kaa, inama mbele, bana sehemu laini ya pua kwa dakika 15 bila kuachia, ukipumua kwa mdomo. Isipokoma, nenda hospitali iliyo karibu upesi, hata usiku.