Mbio Zilivyompatia Kipchoge Keino Kazi

Wazazi wengi huona ya kuwa mtoto apendaye mbio anapoteza wakati wake bure. Kipchoge Keino, aliyezaliwa katika nchi ya Wanandi mwaka 1940, alichunga mbuzi utotoni, na mbio alizipenda tangu hapo. Lakini siku zile mkimbiaji hakuruhusiwa kulipwa fedha. Aliyepokea malipo alizuiwa kushindana na wenzake. Basi aliishije? Aliingia katika Polisi, akawa mwalimu wa mazoezi ya viungo katika chuo cha Kiganjo. Mshahara wake ulikuwa wa askari, si wa mbio. Ila kazi yenyewe ilimweka uwanjani kila siku, nalo ni jambo ambalo mkulima au karani halipati kwa urahisi. Mwaka 1965 alivunja rekodi za dunia za meta 3,000 na 5,000. Huko Mexico, mwaka 1968, alishinda meta 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 34.9, na mwaka 1972 huko Munich akapata dhahabu ya pili, katika mbio za kuruka viunzi na maji. Alianza kukimbia kwa malipo mwaka 1973, umri wake ukiwa umekwisha kufika miaka 33, na tangu hapo mlango wa Olimpiki ukafungwa kwake.