Kumaliza Mpini wa Kisu

Mnunuzi wa kisu aghalabu hutazama makali kwanza, ilhali kitakachomchosha au kumstarehesha kwa miaka yote atakayokitumia ni mpini. Na mpini, hata uwe wa mti wa thamani namna gani, haujawa tayari mpaka upigwe msasa na kunyweshwa mafuta kwa utaratibu wake. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo mafundi wengi waifanyayo kwa pupa, wakaifunika kwa vanishi, nami naona kuwa ni kuudhulumu mti na mkono pia.

Msingi wa yote ni msasa. Wahenga wa pwani, kabla ya kuja karatasi za kiwandani, walichuma majani makavu ya mti wa msasa, yaliyo makali kwa kuparuza, wakalainishia miti kwayo. Karatasi za leo zina nambari, na kadiri nambari ipandavyo ndivyo chembe zake zizidivyo kuwa ndogo. Tupa ikishaupa mpini umbo lake, fundi huanza na nambari 120, kisha 180, 240, 320, hata akafika 400, wala haruki daraja. Kwani kazi ya kila karatasi ni kufuta mikwaruzo ya ile iliyotangulia, na mkwaruzo wa 120 ulioachwa kwa haraka hautaondoka kwa 400 hata ukisuguliwa kutwa kucha, bali utang'aa tu, na siku mafuta yatakapoingia utajidhihirisha wote. Msasa ufuate nyuzi za mti, usizikate.

Kabla ya karatasi ya mwisho kuna jambo ambalo wengi hulipuuza, nalo ni kuufuta mpini kwa kitambaa chenye unyevu, kuuacha ukauke kabisa, kisha kuupiga msasa mwepesi tena. Maji huzisimamisha nyuzi zilizokuwa zimelazwa. Nazo zikikatwa sasa, mpini hautakuwa na manyoya siku ya kwanza kisu kitakapooshwa jikoni. Ikiwa msuka, yaani mkia wa chuma uingiao mpinini, umebanwa baina ya vipande viwili vya mti kwa ribiti, vumbi la chuma lipeperushwe kwa brashi kavu kabla maji hayajaugusa mti, la sivyo litautia mti mweupe mawaa meusi yasiyotoka.

Ama mafuta, hapa ndipo wengi wanapopotea, khasa sisi ambao mafuta ya nazi hayatutoki jikoni. Mafuta ya nazi hayakauki kamwe. Huupa mpini mng'aro wa siku chache, kisha huhama mtini yakaingia katika nguo na viganja. Mafuta ya kitani tabia yake ni nyingine: yakikutana na hewa huvuta oksijeni, na chembe zake zikashikamana mpaka yakawa kitu kigumu ndani ya vinyweleo vya mti. Hayakauki kwa kupaa kama maji yapaavyo juani, bali kwa kugeuka, na mgeuko huo hauna haraka. Kwa hiyo mkono wa kwanza hupakwa kwa wingi, ukaachwa unywe takriban nusu saa, kisha yote yaliyobaki juu yafutwe bila ya huruma, kwani yasipofutwa huwa ulimbo. Ukapita usiku na mchana, au zaidi zikiwa siku za mvua, ndipo ukafuata mkono mwingine, hata mara tatu au nne. Yako yaliyotiwa madini ya kuyahimiza, kama kobalti na manganizi. Kwa kisu cha chakula mimi huchagua yaliyo safi, nikasubiri.

Na hapa pana hadhari isiyo ya mzaha. Mgeuko huo hutoa joto, na vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani vikirundikwa pamoja joto hukosa pa kutokea, likapanda mpaka vikawaka moto vyenyewe pasi na kiberiti. Vianikwe nje kimoja kimoja mpaka vikakamae, au vizamishwe katika kopo la maji lenye kifuniko.

Vanishi nayo haikosi sifa, na pwani yetu yaijua: sandarusi iliyochimbwa Mrima, ikapita Unguja katika karne ya 19 na kusafirishwa hata Salem huko Marekani, iliyeyushwa pamoja na mafuta ya kitani ikapakwa magari ya farasi na samani. Lakini kabati halishikwi na mkono wenye jasho. Juu ya mpini utando huo hatimaye hupata ufa, maji yakaingia chini yake yasiweze kutoka, na msuka ukashika kutu pasipoonekana.

Mninga na mvule huyapokea mafuta kwa furaha. Mpingo una sharia yake: ni mzito hata ukizama majini, na una mafuta yake mwenyewe, basi ya kitani hubaki juu yakinata. Huo upandishwe msasa hata 800 au 1000, kisha usuguliwe kwa nta ya nyuki na kitambaa cha pamba; na fundi afunike pua na mdomo, maana vumbi lake huwasha ngozi na kudhuru kifua.

Kisu kilichomalizwa hivi kisilowekwe katika beseni. Kioshwe, kifutwe papo hapo, na mpini ukianza kupauka upitishiwe karatasi ya 400 kidogo, upakwe mafuta mkono mmoja, na ulazwe usiku kucha penye hewa.